Aliyewahesabu Watoto wa Rwangeti

Festo Malongo amezikwa Jumanne iliyopita pale Mugumu, na mimi nilikuwepo. Sikwenda kulia. Nilitoka Nyangoto alfajiri, karai langu la kuoshea mchanga wa dhahabu nikaliacha kwa jirani, nikapanda gari mbili, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu udongo ukimfunika. Kijana wake mkubwa alisoma historia ya marehemu kwenye karatasi: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliongoza shule hii na ile. Akafika Rwangeti. Akasema, "Baba yetu ndiye aliyewaandikisha watoto wote wa kijiji kile kwa mwaka mmoja, hakubaki hata mmoja nyumbani." Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja akaniambia, "Watu wa namna hii hawapo tena." Nikamjibu, "Na wasirudi." Akaitikia, "Amina." Hakunisikiliza. Msibani nani anamsikiliza mwanamke mwenye kucha zilizojaa udongo wa mashimoni? Niliporudi nikanunua daftari, na ndilo hili. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ni mzuri, jambo ambalo hata Festo mwenyewe hakuwahi kulikana.

Habari za baba na mama na ukoo nazipita, hazina kosa wala msaada katika jambo hili. Naanzia siku niliyopewa karatasi ya kuwa mwalimu. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, vita vya Uganda havijaanza, na amri ilikuwa imetoka juu kwamba kila mtoto aingie shule. Walimu hawakutosha. Basi wakatuchukua sisi tuliomaliza la saba, tuliofaulu lakini nafasi ya sekondari ikatukosa, wakatupa semina ya wiki chache, chaki na kitabu cha kiongozi cha mwalimu, wakasema nendeni mkafundishe, mengine mtajifunza huko huko kwa redio na kwa masomo ya Jumamosi. Baada ya miaka mitatu utafanya mtihani, na Mwalimu Mkuu wako akiandika kwamba unafaa, unapewa cheti. Mwalimu Mkuu akiandika. Maneno hayo matatu sikuyajali nilipoyasikia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka upande wa Tarime na sanduku la bati na mkeka, nimevaa gauni lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na nilipofika Rwangeti, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mbalibali, nilikuwa naamini watu watafurahi kuniona.

Festo alikuwa amekaa ofisini anakula karanga. Alikuja kutoka mkoa wa mbali, na mkoa wenyewe siutaji, haukunikosea kitu. Nikapiga magoti kidogo, nikasema, "Shikamoo Mwalimu Mkuu." Hakuitikia. Alisoma karatasi yangu mbele, akaigeuza nyuma kana kwamba huko ndiko kulikoandikwa habari njema. "Bhoke," akasema. "Darasa la saba." Nikasema ndiyo mwalimu. "Unajua U-P-E ni nini?" Nikaanza kumweleza ile amri, kwamba ni elimu kwa watoto wote. Akanikata: "Ni Ualimu Pasipo Elimu." Mwalimu Leokadia, aliyekuwa anasahihisha madaftari pale kwenye kona, akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Maneno hayo nilikuja kuyasikia kila mahali miaka ile, watu waliyafanya wimbo, lakini mara ya kwanza niliyasikia nikiwa nimepiga magoti.

Leokadia ndiye niliyewekwa naye nyumba moja. Yeye alikuwa amesoma chuo, mwalimu kamili, mgeni pale kama Festo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, tofali za udongo zisizopigwa lipu, na ukuta wa katikati haukufika juu. Ulikoma kimo cha mtu aliyesimama akiinua mkono, kwa hiyo kilichosemwa kwake kilianguka kwangu kama mavumbi ya dari. Jioni Festo alikuja kunywa chai kwake. Mimi nakaa kwenye mkeka nasoma somo langu la redio, naye anasema bila hata kushusha sauti, "Hako katoto kako ndani?" "Kako." "Kamefundisha nini leo?" "Kamewafundisha kuimba." "Basi nchi imeokoka." Wanacheka, kijiko kinagonga kikombe. Alikuwa na sukari Leokadia, na mafuta ya taa, na vyote alivifungia sandukuni. Jiko lilikuwa la mafiga matatu nje, lakini sufuria yake sikuruhusiwa kuigusa, na mimi yangu ilikuwa moja. Nikipika ugali wa mtama naumimina kwenye sahani, nasafisha sufuria, ndipo napika mlenda, na ugali umekwisha poa na kuwa mgumu kama udongo wa kichuguu. Alikuwa anapita na sahani yake ya dagaa waliokaangwa na kitunguu, anasema, "Karibu mwalimu," huku anaendelea kutembea. Mpaka leo mtu akinikaribisha chakula namwangalia miguu kwanza.

Nilipewa darasa la kwanza. Chumba kilikuwa kimejengwa na wanakijiji kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, bati zikawa zinasubiriwa kutoka wilayani, na zilisubiriwa mwaka mzima. Watoto walikaa juu ya mawe na magogo. Jua likipanda tunasogea nalo, ukuta kwa ukuta, mpaka saa sita hakuna kivuli tena na tunafunga. Niseme jambo moja ambalo halina uchungu, ili msomaji asifikiri sina mengine: watoto wale nilijua kuwafundisha. Walikuja hawajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Niliwafundisha kwa Kikurya kwanza, kisha Kiswahili, jambo ambalo Festo alilikataza na mimi nikaendelea nalo akiwa mbali. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wanasoma ubaoni. Leokadia, aliyekuwa na darasa la tatu, alikuwa na watoto wasiojua walichojua wa kwangu. Alilijua hilo, na pale kwenye chai hakulisema.

Sasa nifike kwenye hesabu. Ilitakiwa kila mtoto wa kijiji aandikwe, tena kwa idadi, na idadi ipelekwe wilayani kwa tarehe. Kupima umri tulitumia sikio: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, huyo amefikia kwenda shule. Hilo wazazi walilikubali, walilifanya hata mchezo. Kilichokuwa kigumu ni idadi. Kwetu mtu hahesabu watoto. Hata ng'ombe, mwenye zizi anawajua kwa rangi na kwa mama zao, akiona pengo anasema, "Yule mwenye doa jeupe hayupo," hasemi wamepungua kutoka wangapi. Ukimuuliza mama una watoto wangapi atakujibu, "Wapo." Ukiwanyooshea kidole mmoja mmoja na kutaja namba, umekiita kifo kije kuchukua hesabu yake. Mimi nilikuwa msomi wa la saba, nikikuambia nililiamini lote nitakuwa nadanganya, na nikikuambia sikuliamini kabisa nitakuwa nadanganya pia. Ila nilijua jinsi ya kulipita. Nilipotumwa nyumba kwa nyumba nilibeba kapu. Kila mtoto aliyegusa sikio lake nilimwambia, "Nenda kachume ndulele moja, uitie humu." Ndulele zilikuwa kila kando ya njia, yale matunda madogo ya manjano yasiyoliwa. Mtoto anachuma, anatupia, anakimbia. Jina namuuliza mama taratibu, naliandika. Sikutaja namba mbele ya mtu yeyote. Akina mama walielewa ninachofanya bila kuambiwa. Nyangi, ambaye tulimwita mama Chacha, aliniona na lile kapu akacheka, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando, akasema, "Huyu mwalimu amezaliwa na watu." Nilifika shuleni na kapu limejaa, nikazimwaga ndulele mezani ofisini, nikaanza kuzipanga kumi kumi.

Festo aliingia na Leokadia nyuma yake. "Hiki nini?" Nikasema, "Watoto, Mwalimu Mkuu." Nilijua nimekosea mara tu neno lilipotoka. "Leokadia, njoo uone watoto wa Rwangeti." Akachukua ndulele moja, akaiuliza, "Wewe nani? Mwita? Umekula?" Leokadia alikuwa ameegemea mlango anashika mbavu. Nikaeleza kwamba watu wa hapa hawataki kuhesabiwa watoto kwa mdomo, na kwamba majina yote ninayo, idadi itapatikana. Festo akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, kicheko chake kilikatika ghafla kama taa iliyokwisha mafuta. "Serikali inataka kujua watu wake, wewe unaniletea matunda ya sumu. Ndiyo sababu mlikosa sekondari." Akazifagia zote chini kwa mkono. "Kesho tunakwenda mimi na wewe na Mwalimu Leokadia, tutahesabu kama watu wanaovaa viatu."

Tukaenda. Kituo cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa Nyangi kwa sababu ua wake ulikuwa mkubwa na nyumba za jirani zilikuwa karibu. Katibu wa kijiji, Mwita Kebaso, alikuja pia, akaegemea baiskeli yake nje ya ua. Festo akaniambia, "Waambie wapange mstari." Na hapa naomba nisomwe vizuri, maana sijiachi nje: niliwaambia. Kwa Kikurya, kwa sauti yangu ile ile waliyoizoea, niliwaita watoto wajipange, nao wakajipanga, wengine wakikimbilia mbele ili wawe karibu na mimi. Mstari niliupanga mimi. Festo akachukua fimbo yake ya ubaoni, akaanza mwanzo wa mstari, anagusa kila kichwa. "Moja. Mbili. Tatu." Leokadia anaandika. Nyangi alitoka ndani na mikono ina unga. "Mwalimu, usifanye hivyo. Mwalimu, nakuomba." Alisema kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Festo akaniuliza, "Anasema nini?" ingawa alikuwa amesikia. Nikasema, "Anakuomba usiwahesabu hivyo." "Mwambie nimefika kumi na moja." Sikumwambia. Kichwa cha kumi na mbili kilikuwa cha Robi, binti yake mdogo, aliyekuwa anatabasamu kwa sababu alidhani ni mchezo mpya. Katibu Mwita Kebaso, Mkurya aliyezaliwa pale pale na kupitia desturi zote, aliangalia mnyororo wa baiskeli yake mpaka hesabu ikaisha.

Surua ilikuja na mvua, wiki ya tatu baada ya hapo. Nesi wa zahanati angekuambia ilikuwa imekwisha kuonekana upande wa Kisaka kabla, na mimi sasa najua ni ugonjwa unaokuja na kwenda, hauulizi nani kahesabiwa. Lakini Robi alikufa siku ya tano ya homa, na baada yake wakafa wengine wawili waliokuwa kwenye mstari ule ule. Nilikwenda kwa Nyangi. Nilikuta wanawake wamejaa, na nilipoingia wakasogea kunipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Nilikaa katikati ya ile nafasi. Hakuna aliyenipa mkono. Nilisikia mmoja anasema nyuma yangu, polepole, "Ndiye aliyewaita." Asubuhi iliyofuata darasani kwangu walikuja watoto sita. Kesho yake wawili. Halafu nikawa nasimama ndani ya zile kuta nne na chaki mkononi naangalia mawe waliyokalia, kila jiwe namjua mwenyewe.

Wanakijiji wakafanya mkutano wao, iritongo, ule wa watu wazima wote, usio na bendera wala ajenda. Wakaamua watoto hawarudi shule mpaka aliyewahesabu apatikane, aseme, na aoshwe kimila. Habari hiyo Katibu aliileta ofisini kwa Festo mchana, na mimi nilikuwa nje ya dirisha nasafisha ubao. Hawakujali kwamba nipo, au walijali na wakaona bora nisikie. "Ndugu Mwalimu Mkuu," Katibu akasema, "watu wanataka mtu." "Wanataka mtu gani? Mimi nilitekeleza amri." "Amri haioshwi. Wewe ni mgeni. Ukisimama useme ni wewe, hawatakuosha, watakupiga mawe." Kisha akaongeza, "Yule binti ni wetu. Mkurya huoshwa yakaisha. Na sauti waliyoisikia siku ile ilikuwa yake." Festo akauliza, "Atakubali?" Katibu akacheka kidogo puani. "Ana cheti cha kutafuta."

Siku ile Festo alinialika chakula kwake. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho niliingia nyumba ile. Kulikuwa na kitambaa mezani chenye maua ya kufuma, na picha ya harusi yake, mke yuko kwao, na redio ya mbao iliyofunikwa kama mgonjwa. Alipika wali. Tangu nifike Rwangeti sikuwa nimeonja wali. Uliwekwa na kuku, na mchuzi una nyanya, na alinipakulia mwenyewe, akanichagulia paja. Akaniita "Mwalimu Bhoke". Miezi yote ile nilikuwa wewe binti, katoto, UPE, na sasa nimekuwa mwalimu mbele ya paja la kuku. Akasema, "Shule ikikosa watoto, wilaya itaifunga. Wale watoto wako wataishia kuchunga. Wewe useme neno moja tu. Ni mila zenu, mnazijua wenyewe, haziumi. Mimi nitaandika ripoti yako, na nitaandika vizuri. Wewe ni mwalimu mzuri, nani asiyeliona?" Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu siku ya magoti. Nikamuuliza, "Utaandika kweli?" Akaweka mkono juu ya moyo. Nikala wali wote. Nikakubali. Ningeweza kusema nilikubali kwa ajili ya watoto, na ni kweli, mawe yale matupu yalikuwa yananinyima usingizi. Lakini ripoti nayo niliitaka. Viwili hivyo vilikaa pamoja ndani yangu na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Kuoshwa kulifanywa shuleni, uwanjani, asubuhi ya siku ya masomo, saa tatu. Katibu ndiye aliyeshauri pawe shuleni, akasema hesabu ilikuwa ya shule na ifutiwe huko. Walikuja wazee wawili na bibi mmoja mwenye mikono mikavu, na kijiji kizima kikasimama kuzunguka mlingoti wa bendera. Mbuzi akachinjwa. Bibi akanivua kitambaa cha kichwa, akachota yale majani yaliyosagika ya tumbo la mbuzi, bado yana moto, akanipaka usoni, shingoni, mikononi mpaka kwenye viwiko, gauni langu la ualimu likageuka kijani. Akaniambia la kusema, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Ni mimi niliyewahesabu. Hesabu hiyo nimeifuta. Watoto ni wengi, hawana idadi." Watu wakaitikia. Watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa mbele kabisa, wameshika sketi za mama zao, wananiangalia. Mmoja alicheka kwa jinsi nilivyokuwa, mama yake akampiga kofi. Leokadia alikuwa dirishani. Festo alikuwa mlangoni mwa ofisi na daftari na kalamu, anaandika. Nilimwona, na nitasema jinsi nilivyokuwa mjinga: nilifikiri anaandika majina ya watoto waliorudi.

Jumatatu walirudi karibu wote. Nilifundisha wiki mbili ambazo sijawahi kufundisha vile. Mama mmoja aliniletea mayai. Harufu ya mbuzi ilikuwa imetoka mwilini lakini gauni halikutakata, nikalivaa hivyo hivyo, na hakuna mtoto aliyeliuliza. Jumatatu ya tatu alikuja Mratibu wa elimu kwa pikipiki, akaitwa kila mtu ofisini, na nikapewa barua nisome mwenyewe. Niliisoma kwa sauti kwa sababu Festo aliniambia nisome kwa sauti. Ilisema kwamba mimi nimeendesha na kushiriki matambiko katika eneo la shule, saa za masomo, mbele ya wanafunzi. Kwamba nimekiri mbele ya umma. Kwamba mtu anayeamini ushirikina hawezi kukabidhiwa watoto wa taifa linalojenga ujamaa. Chini yake ilikuwa imeandikwa kwamba ajira yangu ya muda imekoma. Mwandiko wa ripoti iliyoambatanishwa ulikuwa wa Festo, ule wa kuinama kushoto. Nikamwangalia. Nikasema, "Si wewe uliyeniambia nikubali? Siku ya wali?" Akamgeukia Mratibu kwa masikitiko kama mzazi. Kisha akaniuliza, "Una maandishi?" Nikamgeukia Leokadia. "Mwalimu Leokadia, ulikuwepo kwa mama Chacha. Uliandika wewe, namba zote, kwa mkono wako. Sema nani alihesabu." Leokadia alikuwa anachezea kifungo cha blauzi. Akasema, "Siku ile nilikuwa na malaria. Sikutoka nyumbani." Katibu Mwita Kebaso, aliyekaa karibu na mlango, akasema watu wa kijiji wote walisikia nikikiri, na yeye hana la kuongeza. Mratibu akaomba maji ya kunywa. Ndivyo ilivyokwisha.

Nimewaza sana kwa nini hakuniacha. Shule ilikuwa imejaa, jina lake lilikuwa safi, mimi nilikuwa nimenyamaza na ningeendelea kunyamaza. Zamani nilifikiri aliogopa nitasema. Sasa, baada ya kusikia historia yake ikisomwa na watu wakitikisa vichwa, nafikiri ni jambo dogo zaidi na baya zaidi. Hakuweza kuvumilia kuniona nikipita asubuhi, mtu wa darasa la saba, na kujua kwamba nilimwokoa. Kila watoto wangu waliposoma ubaoni kwa pamoja sauti ilifika ofisini kwake. Angefanyaje na sauti ile mwaka baada ya mwaka?

Nilifunga sanduku asubuhi iliyofuata. Leokadia alikuwa amekwenda darasani mapema ili tusikutane, na sufuria yake alikuwa ameiingiza ndani, kana kwamba ningeiba. Nikajitwika sanduku, mkeka nikaukumbatia, nikapita kando ya darasa langu. Walikuwa wamepewa mwalimu wa darasa la nne awashike pamoja na wake, na alikuwa anawapigia kelele kwa Kiswahili wasichokielewa. Sikusimama. Nilikuwa nimefika mwisho wa shamba la mahindi la kijiji niliposikia mtu anakuja nyuma yangu haraka. Alikuwa Nyangi. Alikuwa bado amenyoa kichwa kwa ajili ya Robi. Aliniambia, "Mwalimu, ngoja," nikangoja, na sanduku kichwani. Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu, akasema, "Tunajua si wewe."

Nikamuuliza, "Mnajua nani?"

"Wote. Hata bibi aliyekuosha anajua. Mimi nilikuwa pale na unga mikononi, sikuona?"

"Na siku ya iritongo ulikuwa wapi, mama Chacha? Na pale uwanjani nilipokuwa napakwa?"

"Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema?"

Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kunizaa, na ilikuwa vibaya mimi kusimama mbele yake na sauti ya juu namna ile, lakini sikuweza kuishusha. Mwishowe akasema, "Chacha wangu yuko darasa la sita. Mwakani ana mtihani. Fomu inajazwa na nani?"

Akanyoosha mkono anisaidie kuweka sanduku vizuri, maana lilikuwa limeinama. Nikarudi nyuma hatua moja, mkono wake ukabaki hewani. Niliondoka bila kumuaga, na Rwangeti sikuirudia tena. Chacha alifaulu, nilikuja kusikia, akawa bwana mifugo. Wapo watu watakaosema Nyangi nimuache, kwamba alikuwa amezika mtoto na ana mwingine wa kulinda, na wakisema hivyo sitabishana nao. Lakini walioniangusha mwaka ule walikuwa wanne: Festo Malongo, Leokadia, Mwita Kebaso, na Nyangi mama Chacha. Watatu wa kwanza nimewaandika kwa urahisi. Jina la Nyangi ndilo nililoliacha siku mbili nzima kabla sijaliandika, kisha nikaliandika.